Kuta za Miti na Udongo: Maboma ya Kale ya Bara

 

Vijana wetu wa madrasa za Shinyanga, Kahama na Geita wasomapo tarekhe hukutana na habari za mji wa Kustantiniya na kuta zake, kisha hutuuliza: je, huku kwetu bara hapakuwa na mji wenye ukuta? Swali hili ni jema, na jawabu lake si fupi. Maboma yalikuwapo, na mengi. Yaliyobaki ni machache, na sababu ya kujengwa kwake inatugusa sisi wenyewe.

Tuanze na huko walikoanzia wao. Kustantiniya, ambao leo ni Istanbul, ulikuwa makao makuu ya Warumi wa Mashariki. Upande wake wa nchi kavu, zama za mfalme Theodosius wa Pili, mnamo mwaka wa 413, ulijengwa ukuta wa ndani wenye kimo cha mita 12 hivi na minara 96. Baadaye ukaongezwa ukuta wa pili mbele yake, na mbele ya huo handaki pana. Kazi yote yaenda kama kilomita sita, toka bahari ya Marmara hata hori la upande wa pili, na sehemu kubwa yasimama mpaka leo. Chini ya kuta hizo alifariki Sahaba Abu Ayyub al-Ansari, yule aliyempokea Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake alipohamia Madina, alikwenda na jeshi katika zama za Muawiya, naye ni mzee sana. Kuta zilistahimili mazingiwa mengi. Mwaka wa 1204 mji uliingiwa na Wakristo wa Magharibi kwa upande wa bahari, baada ya wafalme wenyewe kwa wenyewe kugombea kiti na mmoja wao kuwaita wageni wamsaidie. Mwaka wa 1453 Sultani Muhammad wa Pili alikuja na mizinga mikubwa isiyopata kuonekana, na baada ya siku 53 mji ukafunguka.

Hilo neno handaki tulilolitaja ni la Kiarabu, khandaq, na Waarabu walilipata kwa Waajemi. Lilipata umashuhuri mwaka wa tano wa Hijra, yaani 627, pale Salman al-Farsi aliposhauri Madina izungushiwe shimo. Wala halikuchimbwa pande zote. Pande nyingine zilikuwa na nyumba zilizoshikana, mitende na majabali meusi yasiyopitika kwa farasi. Likachimbwa kaskazini palipokuwa wazi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wazee wa bara walifanya hesabu iyo hiyo: walitazama kwanza nchi yenyewe imewapa nini.

Watu wa pwani walipewa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana ukienda Gedi, karibu na Malindi, utakuta ukuta wa nje na ukuta wa ndani vingali vikionekana, na Songo Mnara, jirani na Kilwa, vivyo hivyo. Huku kwetu hapana matumbawe. Kuna miti, udongo na mnyaa. Basi maboma yakawa ya miti, udongo na mnyaa.

Burton, yule Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, ameandika namna vijiji vya Unyamwezi vilivyokuwa. Nje kabisa palioteshwa minyaa iliyosongamana. Kila mchungaji wa Usukuma aujua mti huu: ukivunja kijiti chake hutoka maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni ni balaa. Tena mnyaa una maji mengi ndani yake, hata hauungui upesi. Nyuma ya minyaa yalisimamishwa magogo, moja kando ya jingine, na mengine yakachipua na kuwa miti hai. Lango lilikuwa jembamba, na njia ya kuliendea yenye kona, ili adui aingie mmoja mmoja naye ameelekeza ubavu kwa wenyeji. Wasafiri walitaja pia vichwa vya maadui vilivyotundikwa juu ya miti langoni. Hilo wala hatulisifu wala hatulifichi.

Adui mkubwa wa kijiji cha nyasi ni moto. Mshale mmoja wenye kitambaa kinachowaka watosha kuangamiza nyumba mia. Kwa hiyo mahali pengi watu walipendelea tembe: nyumba ndefu zenye kuta nene za udongo na dari bapa ya miti iliyofunikwa udongo, zikazunguka ua, mgongo wa nyumba ukiwa ndio ukuta wa kijiji. Ng'ombe walilala katikati. Tembe haiungui kwa urahisi, na juu ya dari yake mtu aweza kulala kifudifudi akalenga. Bunduki zilipoenea, kuta zikaachiwa matundu ya kupitishia mitutu.

Na kweli, bunduki zilienea. Katika kitabu cha safari yake Stanley ameeleza kwamba mwezi wa Aprili 1876 alikutana na mtemi Mirambo katika kijiji cha Serombo, magharibi ya Unyamwezi, ambacho alikikadiria kuwa na mzunguko wa maili mbili na nusu na watu wapatao 5,000. Tujiulize: kwa nini wakulima, ambao hupenda kukaa kila mtu na shamba lake, wajibane maelfu mahali pamoja, wakaacha mashamba ya mbali yageuke pori?

Sababu moja ni Watuta. Hawa ni tawi la Wangoni waliotoka kusini ya Afrika, wakapita pande za ziwa Tanganyika, wakapanda hata Unyamwezi, na kundi lao likafanya makao Runzewe, nchi ambayo leo ni wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Walipigana kwa mkuki mfupi na ngao, wakishambulia kwa wingi na kwa ghafula. Wasumbwa wa Ushirombo na jirani zao waliwajua vyema. Mirambo alijifunza kwao namna ya kupigana, akaongeza bunduki, na vijana wake wa rugaruga wakawa tishio toka Urambo hata mipaka ya Usukuma.

Sababu ya pili yatupasa tuiseme kwa ulimi wetu wenyewe. Misafara iliyotoka Unguja na Mrima ilileta bara sala na Kurani, na sisi tunaosimama mimbarini leo ni matunda ya jambo hilo. Lakini mizigo ya wapagazi ilikuwa na nguo, shanga, baruti na magobore pia, na iliporejea pwani ilichukua pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Mteka watu alipata soko. Mwenye soko alipata bunduki. Mwenye bunduki alikwenda kuteka tena. Kijiji kisicho na boma kilikuwa ghala iliyo wazi. Sultani Barghash alipiga marufuku kuwapitisha watumwa baharini mwaka wa 1873, lakini bara biashara iliendelea miaka mingi baadaye.

Wako wenzetu wasiopenda jambo hili litajwe siku ya Ijumaa. Husema ni maneno ya maadui wa dini. Sisi hatuafikiani nao. Kumteka mtu huru na kumwuza ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikemea kwa ukali mkubwa, na wafanyabiashara wale walilijua hilo. Mtoto wa Kisumbwa au wa Kisukuma anayesoma katika madrasa zetu ana haki ya kusikia kwetu kwamba babu yake alipanda mnyaa kwa kuwaogopa, pamoja na wengine, watu waliokuwa wakisali kama tusalivyo sisi. Akiyasikia mahali pengine kwanza, ataona sisi tulimficha.

Wafanyabiashara hao waliingia pia katika mambo ya utawala. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza ushuru, mnamo mwaka wa 1860 walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere akapigana porini mpaka akauawa mwaka wa 1865. Mwaka wa 1871 Mirambo naye alifunga njia ya kwenda Ujiji. Jeshi la Tabora, na Stanley pamoja nao, likatoka kumpiga. Mwezi wa Agosti waliliteka boma la Zimbizo. Kisha Soud bin Said akaendelea na watu wapatao 500 hata Ulyankulu, akaliteka nalo, akatwaa pembe na mateka. Mirambo alikuwa amejificha nje. Walipokuwa wakirudi na mizigo, wamelewa ushindi, akawavizia njiani, na Soud mwenyewe akauawa. Siku chache baadaye Mirambo aliingia Tabora, na Khamis bin Abdullah akafa akipigana. Waliteka kuta mbili, wakaangamia mahali pasipo ukuta.

Habari ya mwisho ni ya Isike, aliyeshika utemi wa Unyanyembe mwaka wa 1876, baada ya Mkasiwa. Boma lake karibu na Tabora lilikuwa imara kuliko mengi ya bara. Wadachi walipofika mwaka wa 1890, Waarabu wa Tabora walifanya mkataba nao. Isike akabaki peke yake. Mwaka wa 1892 Wadachi walimshambulia zaidi ya mara moja, na boma halikuvunjika. Ni mwezi wa Januari 1893 tu ndipo afisa Tom von Prince alipoliingia. Isike alipoona adui amekwisha kuwa ndani, aliitia moto ghala yake ya baruti ili asishikwe hai. Kwa hiyo ukuta ule ulizingiwa na wageni, lakini jirani walikuwa wamekwisha kufanya amani yao, kila mmoja kwa faida yake, kama ilivyotokea Kustantiniya zama za 1204.

Je, kuta zimekwenda wapi? Nyingi hazikuvunjwa na mtu. Vita vilipokwisha, watu walitoka maboma wakatawanyika, kila mmoja akaenda kwenye shamba lake na malisho yake. Magogo yakaliwa na mchwa, udongo wa tembe ukarudi kuwa udongo. Shinyanga ilifyekwa pori kwa upana mkubwa ili kumfukuza ndorobo, na miti ya kale ikaenda nayo. Mwaka wa 1974 Operesheni ya Vijiji ilipokuja kuwakusanya watu tena, ilikuta nchi ya miji iliyoachana mbali. Huko Geita na Msalala tena, ardhi yenyewe imechimbwa na kupinduliwa kwa ajili ya dhahabu.

Maneno hayakuchimbwa. Mkulima wa Shinyanga akiitwa kwa mkuu wa wilaya husema anakwenda bomani, ijapokuwa hapana gogo hata moja. Na nyumba ya Rais wa nchi hii huitwa Ikulu, ambalo ni jina Wanyamwezi na Wasukuma waliloliita makao ya mtemi, yale yaliyokuwa ndani ya boma.

Mwanafunzi apendaye kuona kwa macho, na aende Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Iko tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka wa 1872. Imekarabatiwa na sasa ni makumbusho. Ataona unene wa ukuta wa udongo, na milango iliyochongwa kwa namna ya pwani. Asiyeweza kufika huko, na awaulize wazee wa kijiji chake ni wapi minyaa mikongwe imeota kwa mviringo mahali pasipo na nyumba. Kwani mnyaa huishi muda mrefu kuliko aliyeupanda. Akipaona, asipite mbio. Apime kwa hatua mviringo ule, atafute upande ambao minyaa imekatika, kwani huenda ndipo lilipokuwa lango, kisha aandike jina la mahali na majina ya ukoo wanayoyakumbuka wazee, naye atuletee.