Wakili Mbele ya Meza ya Kamanda: Utetezi wa Askari wa Marekani nje ya Mahakama

Askari wa Marekani anayetuhumiwa kuvunja nidhamu anaweza kushughulikiwa kwa njia mbili, moja ikiwa ni mahakama ya kijeshi, yenye jaji, mashahidi na hukumu inayokatiwa rufaa, na nyingine ikiwa ni ile ya kiutawala, yaani adhabu au uamuzi unaotoka mezani pa kamanda wake, kama vile kukatwa mshahara, kushushwa cheo, kuandikiwa barua ya karipio au kuachishwa jeshi kabla ya muda. Wanahistoria wa sheria wamependelea zaidi njia ya kwanza, kwa kuwa kesi kubwa huacha majalada makubwa, ilhali askari walioadhibiwa kwa njia ya pili wamekuwa wengi zaidi siku zote. Anayeifuata hii ya pili hugundua jambo ambalo majalada ya mahakama hayalionyeshi wazi: kila sheria ilipowaingiza mawakili mahakamani, makamanda walizidi kuipendelea meza, na wakili akawa mtu wa kuwafuata huko kwa kuchelewa.

Kanuni za kwanza za jeshi hilo, vifungu 69 vilivyopitishwa na Bunge la makoloni tarehe 30 Juni 1775, ziliazimwa kwa sehemu kubwa kutoka jeshi la Uingereza, lile lile ambalo makoloni yalikuwa yakipigana nalo. Mwezi uliofuata William Tudor aliteuliwa kuwa mwanasheria wa kwanza wa jeshi, lakini kazi yake ilikuwa kuendesha mashtaka na kuangalia kwamba taratibu zinafuatwa. Aliyeshtakiwa hakupewa wakili na dola. Makosa madogo yaliachwa mikononi mwa kamanda kwa mazoea tu, na katika jeshi la majini mazoea hayo yalikuwa na mjeledi hadi Bunge lilipoupiga marufuku mwaka 1850. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, mamlaka ya kamanda kutoa adhabu ndogo bila mahakama yaliandikwa rasmi katika Kifungu cha 104 cha kanuni za mwaka 1916, na hapo kilichokuwa desturi ya kambini kikawa sheria.

Mwaka mmoja baadaye ilionekana jinsi hata mahakama yenyewe ilivyokuwa tupu. Baada ya ghasia za Houston za Agosti 1917, askari weusi 63 wa Kikosi cha 24 cha miguu walishtakiwa pamoja katika kesi moja, wakitetewa na mtu mmoja, Meja Harry Grier, ambaye alikuwa amefundisha sheria katika chuo cha kijeshi cha West Point bila yeye mwenyewe kuwa wakili. Kumi na watatu kati yao walinyongwa alfajiri ya tarehe 11 Desemba, kabla hukumu haijapitiwa na mamlaka yoyote ya juu. Aibu ya kesi hiyo ndiyo iliyochochea mageuzi ya mwaka 1920 kuhusu mapitio ya hukumu, ingawa jeshi lilisubiri hadi mwaka 2023 kuzifuta hukumu za washtakiwa 110 waliotiwa hatiani katika kesi tatu za tukio hilo. Mageuzi hayo, hata hivyo, yalikomea mlangoni mwa mahakama.

Nje ya mlango huo kulikuwa na karatasi ya buluu. Lilikuwa jina la cheti cha kuachishwa jeshi kilichopigwa chapa kwenye karatasi ya rangi hiyo, ambacho hakikusema kwamba mwenye nacho ameondoka kwa heshima wala kwamba amefukuzwa kwa aibu, na ambacho kilitolewa kwa uamuzi wa kiutawala, bila hatia yoyote kuthibitishwa mahakamani. Kwa kamanda ilikuwa njia nyepesi ya kumwondoa askari aliyeonekana msumbufu, au mshoga, au mweusi asiyekubali kunyamaza. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa vyeti hivyo 48,603, na 10,806 kati ya hivyo walipewa askari weusi, yaani zaidi ya asilimia 22, wakati wao walikuwa asilimia 6.5 tu ya jeshi. Uzito wake ulihisiwa uraiani: sheria ya mwaka 1944 iliwaahidi askari waliorejea ada za chuo na dhamana ya mikopo ya nyumba, lakini ofisi za mafao ziliwakatalia wengi wenye cheti cha buluu, na waajiri waliijua rangi hiyo kabla hawajasoma maandishi. Gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lililipigia kelele suala hilo mwaka 1945, kamati ya Bunge ikalilaani mwaka uliofuata, na mwaka 1947 cheti hicho kikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na viwili vipya, cha kawaida na kile cha "asiyefaa". Rangi iliondoka, utaratibu haukuondoka.

Jambo lenye manufaa zaidi lilikuwa limefichika ndani ya sheria ile ile ya 1944. Iliunda bodi za kupitia upya vyeti vya kuachishwa, ambazo mwombaji aliweza kufika mbele yake pamoja na wakili au mwakilishi wa chama cha askari wa zamani. Huo ulikuwa msaada wa kweli wa kisheria katika nidhamu ya kiutawala, ila ulimfikia mtu akiwa ameshavuliwa sare, na pengine ameshakosa kazi na chuo.

Vita vya pili vya dunia viliacha kesi za kijeshi zaidi ya milioni 1.7, na malalamiko ya waliorejea yakazaa Sheria ya Pamoja ya Haki za Kijeshi, iliyotiwa saini na Rais Truman tarehe 5 Mei 1950. Sheria hiyo ilihitaji mawakili katika mahakama kubwa za kijeshi na kuunda mahakama ya rufaa ya majaji raia. Kifungu chake cha 15 kiliendeleza adhabu ya kamanda isiyo ya kimahakama, na marekebisho ya mwaka 1962 yakaipanua: afisa wa cheo cha meja au zaidi akaweza kumzuia askari asitoke kambini kwa siku 60, kumpa kazi za ziada kwa siku 45 na kumkata nusu ya mshahara kwa miezi miwili. Kwa upande mwingine, askari alipewa haki ya kuikataa adhabu hiyo na kudai apelekwe mahakamani. Haki hiyo ni ya ajabu kidogo, maana anayeitumia anaacha adhabu ndogo ya leo na kubahatisha kifungo na rekodi ya jinai kesho, na ni nani atakayempimia hatari hiyo kama si mtu anayeijua sheria?

Hapo ndipo ilipoonekana mbinu iliyomsumbua Seneta Sam Ervin wa North Carolina, aliyeongoza vikao vya Seneti kuhusu haki za wanajeshi mwaka 1962 na 1966. Kwa kuwa mahakama sasa zilikuwa na mawakili, kanuni za ushahidi na rufaa, makamanda walizikwepa kwa kuwaachisha askari kiutawala, na cheti cha "asiyefaa" kikafanya kazi ambayo zamani ingehitaji hukumu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeupunguza ukali huo mwaka 1958 katika kesi ya Harmon dhidi ya Brucker, ilipoamua kwamba jeshi haliwezi kumpa mtu cheti kibaya kwa sababu ya mambo aliyoyafanya kabla ya kujiunga. Vikao vya Ervin vilisaidia kuzaa sheria ya mwaka 1968, lakini sheria hiyo nayo iliimarisha zaidi mahakama.

Mabadiliko ya mezani yaliletwa na kesi ya mwaka 1977, Marekani dhidi ya Booker, ambapo mahakama ya rufaa ya kijeshi ilisema kwamba rekodi ya adhabu ya kamanda haiwezi kutumiwa baadaye kumwongezea askari hukumu mahakamani, isipokuwa aliambiwa kabla ya kuipokea kwamba ana haki ya kuzungumza na wakili huru. Majaji hawakumpa askari wakili wa kukaa naye mbele ya kamanda. Walitaja tu gharama ambayo jeshi lingelipa kwa kumnyima ushauri, na jeshi, likitaka rekodi zake zibaki na thamani, likalazimika kuhakikisha wakili yupo. Neno "huru" lilikuwa na uzito wake pia. Kwa miaka mingi wakili mtetezi alikuwa akipimwa utendaji na ofisi ile ile iliyomshauri kamanda, na ndiyo sababu jeshi la anga liliwatenga watetezi wake mwaka 1974 na jeshi la nchi kavu likaunda idara ya kudumu ya utetezi mwaka 1980.

Baharia aliyeko melini aliachwa nje ya mageuzi hayo. Sheria haikumpa haki ya kuikataa adhabu ya nahodha, kwa hoja kwamba meli iliyo baharini haiwezi kusubiri mahakama, na hadi mwanzo wa mwaka 2019 nahodha aliweza kumfunga baharia wa vyeo vya chini kwa siku tatu akila mkate na maji tu.

Kwa askari wa nchi kavu, mipaka ya msaada leo inahesabiwa kwa miaka ya utumishi. Aliyetumikia miaka sita au zaidi, au anayetishiwa cheti kibaya kabisa cha kiutawala, ana haki ya kusikilizwa na bodi ya watu wasiopungua watatu, akiwa na wakili wa kijeshi asiyelipiwa au wa kiraia kwa fedha zake. Aliye chini ya hapo huishia kushauriana na wakili na kuandika maelezo. Mwaka 2009 jeshi lilipoanza kuandikisha wageni wasio na ukaazi wa kudumu kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, askari waliopata uraia kwa haraka kwa njia hiyo walikutana na uzito mwingine wa karatasi. Sheria ya uhamiaji inaruhusu uraia uliopatikana kwa utumishi wa jeshi kufutwa iwapo mwenye nao ataachishwa bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano, na miaka mitano haifiki ile sita inayompa askari haki ya bodi kwa urefu wa utumishi peke yake.