Baraza, Ua na Uwanja: Historia ya Makazi katika Magomeni, Temeke na Sinza

Neno baraza limepanuka maana: kutoka kikalio cha udongo au saruji mbele ya nyumba hadi kikao cha wazee, kisha hadi Baraza la Mawaziri na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Upanuzi huo haukutokea kamusini. Ulitokea nje ya mlango, mahali ambapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila kumwingiza ndani, na mpita njia huweza kusimama, akasalimu, akaketi.

Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Dar es Salaam ina ukumbi mrefu katikati, vyumba kila upande, aghalabu vitatu vitatu, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko na choo. Katika Magomeni, Temeke na Ilala, vyumba hivyo vilipangishwa, kila kimoja kwa familia yake. Mmanyema akapakana na Mnyamwezi, Mzaramo akachangia ua na Mngoni. Zamu ya kufagia, foleni ya choo, deni la chumvi: yote yalihitaji lugha moja. Tumeandika mengi kuhusu shule na redio katika ueneaji wa Kiswahili. Kuhusu ua tumeandika machache mno, pengine kwa kuwa wasemaji wake wakuu walikuwa wanawake.

Wapangaji wa miji waliiona nyumba hiyo kwa jicho jingine. Mpango mkuu wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliyagawa makazi kwa msongamano: viwanja vikubwa upande wa Oysterbay, vidogo upande wa Magomeni na Temeke. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa. Ukubwa wa kiwanja ulitosha. Watu wenyewe walikuwa wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. (Jina la mwisho limesalia, ila leo lataja hali ya maisha kuliko asili.)

Ramani hizo zilituletea pia istilahi “eneo la wazi”. Mtoto wa Temeke haendi kucheza kwenye eneo la wazi, anakwenda uwanjani. Uwanja ni mahali penye kazi: mpira, ngoma, maulidi, mkutano wa siasa. “Wazi” hudokeza kwamba hapana kitu, na pasipo na kitu hujengwa. Sidai kwamba istilahi ndiyo iliyovamia viwanja vyetu, lakini iliwarahisishia wavamizi maelezo.

Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliipima Sinza na Kijitonyama. Huko, kadiri biashara ilivyokua, sehemu ya mbele ya nyumba nyingi iligeuzwa fremu za maduka, na penginepo ukuta na geti vikachukua nafasi ya kibaraza. Magomeni Kota, palipokuwa na nyumba za chini, pamejengwa maghorofa yenye makazi 644, yaliyozinduliwa Machi 2022. Maji, umeme na choo cha ndani ni maendeleo ambayo hakuna aliyewahi kupanga foleni uani atakayeyabeza. Hata hivyo, mchoro wa ghorofa hauna mahali panapoitwa baraza. Mwanafunzi wa isimujamii atakayekwenda huko aanze kwa kuwauliza wakazi hukaa wapi jioni, na mahali hapo wanapaitaje.