Tanzania: Kuagiza bodi ya saketi kwa mjenzi mpya wa vifaa vya maabara

Jijini Dar es Salaam, mafundi wa karakana ya STICLab wameshiriki kujenga hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu kubwa ya umbo lake huchapwa kwa plastiki katika printa ya pande tatu. Hadubini hiyo ilianzia katika vyuo vikuu vya Uingereza, ikaendelezwa kwa ushirikiano na Watanzania, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, na imetumika kutazama vimelea vya malaria katika damu. Maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Biomedical Optics Express.

Kipande cha plastiki kikiharibika, huchapwa kingine pale pale karakanani. Bodi ya saketi haina wepesi huo. Mara nyingi huagizwa kutoka kiwanda kilicho ng'ambo, na kosa lililomo hujulikana baada ya majuma kadhaa, kifurushi kinapofunguliwa. Kwa hiyo mwanafunzi au fundi anayejenga kifaa cha maabara kwa mara ya kwanza anapaswa kufahamu mapema kazi hii inavyokwenda.

Kwa nini bodi maalumu?

Jukwaa la hadubini hiyo, panapowekwa kioo chenye damu, husogezwa na mota tatu ndogo za volti 5. Kila mota huhitaji ishara nne za kuiongoza. Anayeanza anaweza kununua vibodi vya kuendeshea mota vilivyo tayari na kuviunganisha kwa nyaya na kidhibiti kidogo cha Arduino. Hapo atakuwa na nyaya 12 za ishara, mbali na zile za umeme.

Mpangilio huo hufanya kazi vizuri juu ya meza ya majaribio. Katika maabara ya zahanati, ambako kifaa huhamishwa, hufutwa vumbi na kuguswa na wengi, waya mmoja hulegea bila mtu kuona. Madhara yake si madogo. Utaratibu wa kupima malaria kwa hadubini humtaka mtaalamu atazame angalau maeneo 100 ya kioo, kwa lenzi inayokuza mara 100 pamoja na mafuta, kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Mota ikiruka hatua, mashine inaweza kutazama eneo moja mara mbili na kuacha jingine, huku mgonjwa akisubiri jibu.

Ndiyo sababu ushirikiano huo ulizaa pia bodi iitwayo Sangaboard, inayokusanya kidhibiti na viendesha mota mahali pamoja. Michoro yake iko wazi kwa umma. Hivyo hatua ya kwanza kwa anayehitaji bodi ni kutafuta kama tayari ipo iliyochorwa na kujaribiwa na wengine.

Kuchora

Ikiwa haipo, saketi ijengwe kwanza kwenye ubao wa majaribio, ule wenye matundu yanayopokea nyaya bila kulehemu, na iachwe ifanye kazi kwa siku kadhaa. Saketi isiyofanya kazi hapo haitaponywa na bodi nzuri.

Kisha huchorwa kwa kompyuta. Programu inayotumiwa na wengi ni KiCad, ambayo hailipiwi. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa, na baadaye ikapata msaada wa CERN, kituo cha utafiti wa nyuklia kilichoko Geneva. Kazi huenda kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni mchoro wa saketi, unaoonyesha kipi kimeungwa na kipi. Ya pili ni mpangilio wa bodi, unaoonyesha kila kipuri kitakaa wapi na njia za shaba zitapita wapi.

Makosa mengi ya wanaoanza hutokea katika awamu ya pili. Mtu huchora nafasi ya kipuri ambacho hajakishika mkononi, kisha hugundua kwamba miguu ya kile kinachouzwa dukani ina nafasi tofauti. Dawa yake ni rahisi: vipuri vinunuliwe kwanza. Mchoro uchapwe kwenye karatasi kwa kipimo halisi, karatasi ibandikwe juu ya boksi gumu, na kila kipuri kichomekwe mahali pake. Kwa bodi ya kwanza inafaa kuchagua vipuri vyenye miguu inayopita katika matundu, iliyoachana kwa milimita 2.54, kwa kuwa hulehemiwa kwa mkono bila shida.

Upana wa njia za shaba nao una maana. Shaba ya kawaida ina unene wa mikroni 35. Njia yenye upana wa milimita 0.25 hutosha kwa ishara, na ya milimita 1 hubeba takriban ampea 2 bila kupata joto kubwa. Njia za kupeleka umeme kwenye mota zichorwe pana.

Umeme wa ukutani, yaani volti 230, usipitishwe kwenye bodi ya mtu anayeanza. Itumike adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 5 au 12. Kosa katika volti 5 huunguza kipuri, lakini kosa katika volti 230 huweza kuua mtu.

Faili za kiwanda

Kiwanda hupokea faili za aina iitwayo Gerber, moja kwa kila tabaka: shaba ya juu, shaba ya chini, rangi ya kinga, maandishi na mpaka wa bodi. Huongezwa faili ya matundu. Kiwanda hutengeneza kilichochorwa, hata kama sicho kilichokusudiwa, kama fundi cherehani anayekata kitambaa kwa vipimo alivyoandikiwa na mteja.

Kabla ya kutuma, programu iamriwe kukagua kanuni za mchoro, na kila onyo lisomwe. Kisha faili zifunguliwe upya katika programu ya kuzitazama. Maandishi ya upande wa juu yasomeke vizuri. Yakionekana kama katika kioo, tabaka limegeuzwa. Matundu yaangukie katikati ya duara zake za shaba, na mpaka wa bodi uwe umefungwa pande zote. Mtu wa pili, ambaye hakuchora, autazame mchoro pia, kwa maana jicho la mchoraji limekwisha kuuzoea.

Fomu ya kuagiza ina maswali mengi, lakini majibu ya kawaida yanatosha: tabaka mbili, unene wa milimita 1.6, shaba ya mikroni 35, rangi ya kijani, na lehemu isiyo na risasi. Viwanda vingi vya China huanza na bodi 5 kwa oda, na hutoza bei ya chini kwa bodi isiyozidi milimita 100 kwa 100.

Gharama za njiani

Bei ya bodi huwa ndogo, wakati mwingine ndogo kuliko nauli ya kifurushi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 katika Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na asilimia 16 nchini Kenya. Kampuni ya usafirishaji inaweza kuongeza ada yake. Ankara iandikwe bei halisi, na itaje wazi kwamba ni bodi tupu zisizo na vipuri, kwani katika orodha ya forodha bodi tupu zina kifungu chao, namba 8534, na zilizojazwa vipuri huhesabiwa kwingine. Wajenzi wawili au watatu wakiagiza pamoja, nauli hugawanywa.

Bodi zikifika

Bodi moja tu ndiyo ijengwe kwanza, nyingine zihifadhiwe. Kabla ya kulehemu chochote, multimita ipime kama njia ya volti 5 na ile ya hasi hazigusani. Vipuri vya umeme vilehemiwe mwanzo na volti zipimwe, ndipo kidhibiti kiwekwe, na mota ziwe za mwisho.

Kosa likionekana, si lazima bodi itupwe. Njia ya shaba iliyopita pabaya hukatwa kwa wembe, na mahali palipokosa njia huunganishwa kwa kipande cha waya. Marekebisho hayo yaingizwe siku hiyo hiyo katika mchoro wa kompyuta, na namba ya toleo iandikwe kwenye bodi yenyewe. Asiyefanya hivyo huagiza tena kosa lile lile mwaka unaofuata.

Bodi zinazobaki ni akiba ya maabara. Hadubini ikiharibika wakati wa msimu wa mvua, malaria inapozidi, fundi mwenye bodi ya akiba huirudisha kazini siku hiyo, bila kusubiri kifurushi kingine kuvuka bahari.