Magombo ya Muziki wa Kinanda na Kuhifadhiwa Kwake

Kiwanda cha M. Welte na Wanawe kilianza kama karakana ya Michael Welte huko Vöhrenbach, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1832, kisha kikahamia mji wa Freiburg. Mwaka 1911, katika maonyesho ya Turin nchini Italia, kiwanda hicho kilitoa kinanda cha mabomba chenye uwezo wa kujipiga chenyewe. Gombo la karatasi lenye matundu lilipita juu ya ubao wenye vitundu 150. Kila tundu la karatasi lilipokutana na kitundu cha ubao, hewa ilipenya na bomba likalia. Matundu mengine hayakuwa ya noti. Yalibadilisha safu za mabomba, au yalifungua na kufunga milango ya chumba cha mabomba ili sauti ivume au ififie.

Ubora wa magombo hayo ulitokana na wapigaji wake. Edwin Lemare, Eugène Gigout, Joseph Bonnet na Alfred Hollins ni miongoni mwa walioitwa kupiga huku mtambo ukitia alama kwenye karatasi iliyokuwa ikizunguka. Mwezi Julai 1913 ilikuwa zamu ya Max Reger. Mtunzi huyu alilelewa katika Kanisa Katoliki, lakini alizipenda mno tenzi za Kilutheri na kuzitungia vitangulizi vingi. Ni tenzi za ukoo uleule ambao wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja nao, na nyingine zingali zinaimbwa katika Mwimbieni Bwana. Reger alifariki Mei 1916 akiwa na umri wa miaka 43. Mashine za santuri za siku zile hazikuweza kunasa vema sauti ya kinanda kikubwa. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi Reger alivyokipiga hana budi kuliendea gombo.

Santuri zilizoboreshwa na redio ziliiua biashara hiyo, na tarehe 27 Novemba 1944 mabomu ya vita yaliuteketeza mji wa Freiburg pamoja na kiwanda. Magombo yaliyosalia yalikuwa yametawanyika. Hazina kubwa imo katika makumbusho ya Seewen, Uswisi, ambako kuna pia kinanda cha Welte chenye historia ya ajabu: wakati wa ukarabati, mwaka 2007, mafundi walikuta jina la meli Britannic limeandikwa kwenye mbao zake. Kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya meli hiyo, ndugu ya Titanic, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilizuia kisipelekwe.

Karatasi ya magombo inakauka, inakatika kingo, na kila linapopigwa gombo huchakaa zaidi. Ndiyo sababu makumbusho hayo, kwa kushirikiana na Chuo cha Sanaa cha Bern, yaliazimia kuyahifadhi kwa njia ya kidijitali. Gombo hupitishwa polepole chini ya kamera inayolipiga picha tangu mwanzo hata mwisho. Kisha programu ya kompyuta hulitambua kila tundu, mahali pake na urefu wake, na kuligeuza kuwa amri ya noti au ya safu ya mabomba. Kinanda kilichofungiwa mtambo wa umeme kinaweza kuzitii amri hizo bila karatasi kuguswa tena.

Mwendo ndio unaosumbua. Karatasi ikizidi kujikunja kwenye gurudumu la kupokelea, gurudumu hunenepa na karatasi huvutwa kwa kasi zaidi. Programu isipofidia tofauti hiyo, Reger atasikika akiburuza mwishoni, jambo ambalo pengine hakulifanya. Zaidi ya hayo, karatasi iliyotanuka kwa unyevu huyasogeza matundu, na wafanyakazi wa kiwanda waliweza kuziba tundu la noti iliyokosewa na kutoboa jingine. Je, fundi wa leo asahihishe au aache? Walio na busara huihifadhi picha kama ilivyo, kovu na kiraka pamoja, na masahihisho huyaweka katika faili la pembeni ili mwingine ayapime. Na gombo lenyewe halitupwi: hurudishwa katika kasha lake, kwa kuwa kamera ya kesho yaweza kuona alama ya penseli ambayo ya leo imeiruka.