Jicho Lisilo na Uso

Mshairi anaposema "mimi" hatumuulizi sura yake. Neno hilo latosha: nafsineni imekwisha kutuingia, na machozi yake twayahesabu yetu. Waongozaji wa filamu waliitamani sana "mimi" hiyo, wakadhani wataipata kwa kuiweka kamera mahali pa macho ya mhusika.

Rouben Mamoulian aliifungua hivyo filamu yake ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde, mwaka 1931: twaiona mikono ya daktari ikipiga kinanda kabla hatujauona uso wake kiooni. Mwaka 1939 Orson Welles alikusudia makubwa zaidi, kuisimulia kwa macho ya Marlow hadithi ya Heart of Darkness, ambayo Joseph Conrad aliitoa katika safari yake ya mto Kongo ya mwaka 1890. Gharama zilikadiriwa kupita dola milioni 1, na kampuni ya RKO ikaghairi. Sisikitiki mno. Macho ya Mzungu juu ya Kongo yalikwisha kujaa vitabuni. Aliyekosa jicho ni Mkongo aliyetazamwa.

Aliyethubutu karibu filamu nzima ni Robert Montgomery, katika Lady in the Lake ya mwaka 1947. Sisi ndio mpelelezi Philip Marlowe (si Marlow wa Conrad). Watu hutukazia macho wanaposema nasi, ngumi yatujia usoni, mwanamke aleta midomo atubusu. Ajabu, moyo haushtuki. Busu laishia kwenye lenzi. Abusiwaye hana uso, basi hatuna pa kumsoma. Na kila Montgomery anapochungulia kiooni, twapumua.

Wengine walijaribu baadaye, lakini kwa maoni yangu fumbo limefumbuliwa na RaMell Ross katika Nickel Boys, ya mwaka 2024, iliyotokana na riwaya ya Colson Whitehead. Mahali ni shule ya kurekebishia wavulana huko Florida, miaka ya 1960. Shule halisi iliyoizaa riwaya, Dozier, ilifungwa mwaka 2011, na katika ardhi yake watafiti wamefukua makaburi zaidi ya 50. Kwanza twaona kwa macho ya Elwood, kijana mweusi, naye hatumwoni ila kwa kuakisiwa, kama vile kwenye bati la pasi ya bibi yake. Hadi hapo ni Montgomery yule yule. Ila Ross hakumwongezea Elwood vioo; alimwongezea rafiki. Turner aketi naye mezani, wakati wa chakula. Kisha mazungumzo yale yale yarudi tena, sasa kwa macho ya Turner, na yule tuliyekuwa ndani yake muda wote yuko mbele yetu, ana uso.