Waliokaa Wakasikiliza

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipotamka kwamba ukatili ni tatizo la afya ya jamii, kwa wauguzi wengi haikuwa habari mpya.

Chukua Boston, Marekani, mwaka 1972. Muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walikuwa wakiitwa kwa simu hospitali ya mji kila alipoletwa mtu aliyebakwa, hata usiku wa manane. Kwa mwaka mmoja waliwaona watu 146. Daktari alitafuta majeraha na polisi alitafuta ushahidi. Wawili hawa waliuliza na kusikiliza.

Walisikia nini? Ndoto za kutisha, woga wa kutoka nje, kichwa na tumbo kuuma. Lakini zito kuliko yote ni hili: miongoni mwa wanawake wazima, karibu nusu walifika wakiwa watulivu kabisa, hawalii. Na ni utulivu huohuo ambao watu wengi, hata leo, huuita dalili ya uongo! Matokeo yalichapishwa mwaka 1974, na baadaye Burgess akawa anaitwa mahakamani kuyaeleza.