Kubeba mifuko ya posta: Kadi ya Njano haitoshi

Mwenye lori anayepata mkataba wa kubeba mifuko ya posta kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki anaingia katika masharti ambayo mbeba saruji au mahindi hakutani nayo. Bima inayoliruhusu gari lake kupita Namanga au Malaba haitalipa hata senti moja iwapo mfuko wa vifurushi utapotea njiani.

Hadi mwaka 1977 kazi hii ilikuwa mikononi mwa shirika moja la posta na simu la Jumuiya ya zamani. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilibaki na posta yake. Leo posta hizo hukabidhiana mifuko kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani (UPU), ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874.

Kwa taratibu hizo, mteja ambaye kifurushi chake hakikufika huidai posta, si mwenye gari. Ana miezi 6, kuanzia siku inayofuata ile aliyotuma, kuulizia mzigo wake. Posta nayo hugeukia mkataba wake na msafirishaji, na mkataba huo unaweza kudai zaidi ya thamani ya kifurushi: faini ya kuchelewa, au gharama ya gari jingine lililokwenda kuchukua mifuko. Vipengele hivyo visomwe kabla ya kujaza bei ya zabuni, maana baada ya kusaini hakuna pa kulalamikia.

Dereva ndiye ulinzi wa kwanza. Ahesabu mifuko, alinganishe namba za sili na hati ya makabidhiano, na kama mfuko umechanika au sili imelegea aandike hapo hapo kwenye hati kabla ya kutia saini. Saini isiyo na maelezo huhesabika kuwa mzigo ulipokelewa ukiwa mzima. Kukata sili si kazi yake, hata akishuku kilichomo.

Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, ni nyongeza ya bima ya nyumbani. Tanzania imebaki katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hulipia madhara kwa watu wengine na matibabu ya dereva na abiria, kwa kufuata sheria ya nchi ambako ajali imetokea. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya bima ya lazima inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, ziada inaweza kumwangukia mwenye gari. Lori lenyewe na shehena yake havimo kabisa.

Shehena inahitaji bima ya mizigo iliyo safarini, na hapa ndipo penye mtego. Hati nyingi za bima hiyo huondoa fedha taslimu, hundi, vito na nyaraka, yaani vitu vile vile watu wanavyopenda kutuma kwa posta. Nyingi pia hazilipi wizi kwenye gari lililoachwa bila mlinzi, wala wizi unaofanywa na dereva au utingo. Wizi wa wafanyakazi una bima yake ya uaminifu. Msafirishaji amwambie wakala kwa maandishi kwamba anabeba posta, ataje nchi zote anazopita, na adai hati irekebishwe.

Wapo wanaokata bima ndogo ili kupunguza ada. Tuseme mzigo una thamani ya milioni 10, umekatiwa bima ya milioni 5, na hasara ni milioni 4. Kampuni italipa milioni 2 tu, kwa sababu nusu ya mzigo haikuwa na bima.

Mkataba wa posta pia si leseni ya kujipokelea vifurushi vya watu barabarani. Kazi hiyo inahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika, na bima ya posta haitagusa vifurushi hivyo.

Hasara ikitokea, ripoti polisi wa mahali hapo kwanza na upate namba ya tukio, RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya. Posta na kampuni ya bima zijulishwe siku hiyo hiyo kwa maandishi, pamoja na nakala ya hati ya makabidhiano.